Mama, Kula kwa Jogoo Tu

Chumba namba 12, hotelini
Jumanne, 3 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama tangu Jumamosi. Miguu ilivimba kidogo kwa kukaa kwenye ndege, mengine yote mazima. Chumba ni kizuri. Kitanda ni kipana hadi nikilala pembeni naona kama nimemwachia mtu nafasi. Kuna bafu la maji ya moto na dirisha linalotazama uchochoro wa nyuma. Asante sana. Nasema asante hapa mwanzoni kwa sababu huko chini hutaiona tena.

Simu uliyoninunulia nimeiweka kwenye droo, usipige. Kwenye simu wewe hunikatiza. Nikisema nusu ya sentensi, nusu ya pili unaimalizia wewe, na kila mara unaimalizia pabaya. Barua haikatizwi. Mama wa mapokezi aliwahi kufanya kazi nchini kwetu miaka mitatu, anajua Kiswahili cha kutosha kunicheka. Atazipiga picha barua zangu na kukutumia. Wewe jibu kwa njia hiyohiyo, yeye atanichapia.

Sasa hili la orodha. Nimefungua begi, juu ya magauni yangu nikakuta karatasi ndani ya plastiki, kama zile mnazobandika kwenye milango ya watu mkiwafungia migahawa yao. "Mahali Mama Anaporuhusiwa Kula." Mahali patatu, na pote patatu ni duka lilelile la kuku wa boksi, lile lenye jogoo mwekundu juu ya mlango. Moja karibu na hoteli, moja stesheni, moja sokoni. Chini yake umeandika "Asipaguse", na hapo umeorodhesha nchi nzima ya watu.

Nimekutii siku tatu. Jumamosi nilikula kwa Jogoo, Jumapili nikala kwa Jogoo, jana nikala kwa Jogoo. Chipsi zina urefu mmoja kama zimekatwa kwa rula. Kuku ana ngozi na chumvi, na ukishamaliza ngozi na chumvi umemaliza kuku. Na ladha siku zote tatu ilikuwa moja, haikutofautiana hata kwa punje. Mimi nimepika miaka thelathini na moja na sijawahi kutoa sufuria mbili za maharage zenye ladha moja, na nilijitahidi.

Kuanzia leo nakula wanapokula wenye nchi. Nina miaka sitini na tatu, tumbo hili limekubeba wewe miezi tisa na hukuwa mtoto mwepesi. Litaiweza na supu.

Mama yako

*

Ofisi ya Afya
Jumatano, 4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi umefika. Mimi sikatizi watu, ni vile tu najua utakachosema.

Mama, nakuomba unisikilize kama ofisa, usinisikilize kama mwanao. Wewe ukitazama sahani unaona chakula. Mimi naona foleni ya choo cha zahanati siku mbili baadaye. Tumbo la mtu limezoea vijidudu vya kwao. Huko ugenini tumbo lako halijuani na mtu. Maji usinywe yasiyofunguliwa mbele yako. Mboga mbichi usiguse. Chochote kilichofunikwa kwa sahani badala ya kifuniko, pita kama hukukiona.

Kwa Jogoo mafuta yanabadilishwa kwa saa. Nyama inachomwa kipimajoto kabla haijatoka. Usicheke chipsi kuwa sawa, hiyo ndiyo kazi. Nakuomba uende tena, safari hii usitazame boksi, tazama jiko. Tazama sakafu. Tazama wanavyosimama, kila mtu na mahali pake, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayeungua. Fikiria mtu mwenye magoti kama yako akifanya kazi mahali kama pale, au hata asifanye, akae tu.

Naambatanisha fomu ya ukaguzi, ile niliyoitunga mimi na sasa inatumika wilaya nzima. Ijaze ukiwa pale kwa Jogoo. Ningependa maoni ya mtu wa kazi. Kurasa tatu ni maswali, ya nne tia sahihi tu, ni ya utaratibu. Nirudishie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Huku mgahawani kila kitu kinakwenda. Mama mdogo anauendesha vizuri. Wewe pumzika.

Mwanao

*

Chumba namba 12
Jumapili, 8 Juni

Mdogo wangu,

Hii namtumia yule wa duka la kuchapia karibu na stendi, akupe mkononi. Usimsomee mtu, na hasa usimsomee Bwana Afya wetu.

Nimepata pa kula. Uchochoro wa nyuma ya hoteli una mlango wa bluu, ndani meza sita zenye vitambaa vya plastiki, na mpishi ni mwanamke wa rika langu mwenye mikono kama ya mtwanga nafaka. Hana menyu. Unakaa, unaletewa kilichopikwa. Siku ya kwanza kilikuwa supu ya samaki iliyotiwa majani machachu nisiyoyajua, na mkate wa moto.

Sasa sikia nilivyojiaibisha. Unajua kwetu sufuria haitoki jikoni mpaka mpishi ale kijiko kimoja mbele ya wateja. Mama alituanzishia hivyo mwaka ule wa ugonjwa wa kuhara, watu walipoogopa kula nje, na hatujaacha. Mimi nimezoea mno, hata sikufikiri. Aliponiletea bakuli nikamwashiria: onja kwanza wewe. Hakuelewa. Nikachota kijiko nikamnyooshea mdomoni mwake.

Mdogo wangu, mgahawa mzima uligeuza shingo. Yule mama akanitazama, akalitazama bakuli, akalichukua na kuondoka nalo. Alidhani nimesema ametia sumu! Nikabaki na kijiko mkononi mbele ya watu kumi na wawili wanaotafuna polepole. Nilirudi hotelini na njaa yangu, na mama wa mapokezi aliponieleza kosa langu alicheka hadi akakaa chini.

Kesho yake nikarudi. Ndiyo, nilirudi, ulidhani ningekwenda wapi? Kwa Jogoo? Nikapita moja kwa moja hadi jikoni, nikachukua upawa, nikachota mwenyewe sufuriani mbele yake, nikanywa, nikaungua ulimi, nikaweka mkono kifuani kuomba radhi. Kisha nikakaa chini nikala bakuli zima na kulifuta kwa mkate. Yule mama alisimama mikono kiunoni akinitazama. Halafu akaniongezea bila kuniuliza. Tangu siku hiyo hanitozi chai, nami baada ya kula namsaidia kukausha vyombo, kwa sababu kukaa bure kunaniumiza magoti kuliko kusimama.

Sasa la siri. Alhamisi nilikula pilipili yao ya kijani, na alfajiri ya Ijumaa nilikwenda chooni mara nne. Mara nne, nakuambia. Nilikaa pale nikamsikia mwanangu kichwani akisema "nilikuambia". Usimwambie. Si chakula kilichonidhuru, ni ulafi, nilitia pilipili vijiko vitatu kumwonyesha yule mama kwamba naweza. Ijumaa mchana nilikunywa maji ya chumvi na sukari, Jumamosi nikarudi kwenye meza yangu. Pilipili nikatia kijiko kimoja.

Mwanangu anataka nimjazie fomu kuhusu kuku wake wa boksi. Nitamjazia.

Vipi huko? Hujaniandikia hata mstari. Kigugumizi chako ni cha mdomo, tangu lini kikaingia mkononi?

Dada yako

*

Mgahawani
Jumanne, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nimekatazwa. Nimeona nikuambie, halafu nikaona nisikuambie, na sufuria ya wali imeungua nikiwaza.

Wiki iliyopita walikuja wanaume wawili na mwanao. Walikuwa na futi ya kupimia. Wakapima mlango, wakapima jiko, wakapima ukuta wa mbele kutoka chini hadi paa. Nikauliza wanapima nini. Mwanao akasema ni ukarabati, anataka kukushangaza ukirudi, kwa hiyo nisiseme. Nikafurahi, Dada. Niliwapikia hadi chai.

Jana wakarudi na karatasi kubwa wakaitandaza juu ya meza ya pembeni. Ni picha ya mgahawa wetu, kona hii hii ya stendi, nguzo ya umeme ile ile mbele. Lakini ukuta ni mwekundu. Na juu ya mlango kuna jogoo.

Nikamwita mwanao pembeni. Nikamwambia, baba, hii ni nini? Akasema, Mama mdogo, dada yako amechoka, magoti yake yamekwisha, atakaa nyumbani na kila mwezi atapata kodi ya jengo. Akasema na mimi watanitafutia kazi ya kufagia. Akasema imebaki sahihi yako tu, na umeshatumiwa karatasi.

Mimi si mtu wa kugombana, unanijua. Nilirudi jikoni. Lakini leo walipokuja na ndoo za rangi nimevuta kiti nikakaa katikati ya mlango na ungo wangu wa maharage nikawa nachambua. Wakasema, mama tupishe. Nikasema maharage haya yana mawe mengi. Nimechambua kilo nne, za kutosha wiki nzima. Wameondoka, lakini watarudi.

Dada, kama hukutia sahihi, usitie.

Mdogo wako

*

Chumba namba 12
Alhamisi, 12 Juni

Bwana Afya,

Fomu yako nimeijaza. Nimeijaza mara mbili, moja kwa Jogoo na moja kwa mama wa mlango wa bluu, anayepika uchochoroni nyuma ya hoteli, kwa sababu mkaguzi wa haki hakagui upande mmoja. Pokea.

Sakafu. Kwa Jogoo inang'aa, unaweza kujiona sura. Kwa mlango wa bluu ni saruji, imepigwa deki, sura huoni.

Mafuta. Kwa Jogoo nilikaa saa mbili na robo, sikuona yakibadilishwa. Karatasi ukutani ilishatiwa alama kwamba yamebadilishwa hadi saa kumi jioni, nayo ilikuwa saa saba mchana.

Wahudumu wana vifuniko vya nywele? Kwa Jogoo wote. Kwa mlango wa bluu, mpishi ana kitambaa, mumewe ana upara.

Nani alionja chakula kabla hakijatoka? Swali hili halimo kwenye fomu yako, nimeliongeza kwa kalamu. Nilimwuliza binti wa kaunta wa Jogoo, mama wa mapokezi akitafsiri. Binti alisema hapo hakuna anayeonja, chakula huja kimegandishwa ndani ya gari, wao wanakichovya tu kwenye mafuta. Nikamwuliza, na wewe mchana unakula wapi? Akaangalia nyuma kama meneja yupo, akasema anakula uchochoroni, mlango wa bluu.

Masinki. Hapa mkono wangu ulisita. Mama wa mlango wa bluu anayo mawili, moja la vyombo na moja la kunawa, na hakubali mtu achanganye. Nilinawa kwenye la vyombo akanipiga kofi la mkono. Ghala lake lina wavu wa waya, hata nzi haingii. Mtaro wake una kifuniko. Wewe unalijua jiko langu, huhitaji niseme. Nyani haoni kundule, na mimi nimeliona langu kwenye karatasi yako. Kwa hilo fomu yako ni nzuri.

Sasa ukurasa wa nne.

Nilikuwa nimeshatia sahihi. Ujue hilo. Nilitia siku ileile ulipoutuma, kabla sijajibu swali hata moja, kwa sababu uliniambia ni ya utaratibu na wewe ni mwanangu. Ningeutuma hivyo. Halafu nikapata habari, usiniulize kwa nani, nikavaa miwani nikausoma. "Mimi mmiliki wa jengo lililoko kona ya stendi, nakubali kwa hiari yangu." Kwa hiari yangu! Umeniweka kwenye ndege, umenipa kitanda cha watu wawili, umeniambia pumzika, kumbe unanitoa nyumbani ili upake rangi. Hukutaka nile kwa Jogoo kwa ajili ya tumbo langu. Ulitaka nimzoee.

Vipande vya ukurasa wa nne viko mezani, mama wa mapokezi amevipiga picha, utaviona. Viko kumi na sita. Niliendelea kuchana hata baada ya kuchanika.

Kama ungenijia ukasema, "Mama, funga," ningekufukuza kwa mwiko, tungegombana wiki moja, basi. Hili la kunizunguka nitalisamehe sijui lini.

Mwenye mgahawa

*

Ofisi ya Afya
Ijumaa, 13 Juni

Mama,

Kodi ni kweli, magoti yako ni kweli, lakini si sababu. Nitakuambia sababu, na utaisoma yote kwa vile umesema barua haikatizwi.

Mwezi wa tatu mkuu alitoa orodha ya migahawa ya kukaguliwa stendi. Wa kwanza ni wako. Kila mwaka huwa wa kwanza, na kila mwaka huwa nauruka. Naandika "utakaguliwa baadaye". Miaka sita, Mama. Kwenye kikao yule mwenzangu tunayemwita Bibi Kufuli, kwa sababu hatembei bila makufuli kwenye mkoba, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Bwana Afya ana miwani mbili. Ya kumtazamia mama yake haina vioo." Walicheka. Na mimi nilicheka, ili waache.

Unamkumbuka mama wa yule rafiki yangu niliyesoma naye, aliyekuwa na kibanda cha uji karibu na shule? Mwaka jana nilimfungia. Kosa lake lilikuwa mtaro wazi. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nimekunywesha uji wewe." Nikafunga kufuli. Nikatoka pale nikaja kwako kula mchana, nikaruka mtaro wako ulio wazi, nikakaa, nikala.

Unasema ningekujia nikakuambia. Nilikuambia! Mara ya kwanza ulisema unapika tangu sijazaliwa. Mara ya pili ulinipa sahani ukasema kula uache maneno. Mara ya tatu uliwaambia wateja, "Mwanangu anataka kunifungia," wakanizomea kwa utani, na wewe ukacheka kuliko wao. Wewe husikii, Mama. Nikisema kama mwanao unanilisha, nikisema kama ofisa unaniimbisha shikamoo kama mtoto.

Nilishindwa kukufungia na nilishindwa kuendelea kutokufungia. Watu wa Jogoo walipokuja kutafuta jengo nikaona mlango wa kutokea. Ungepata kodi, ungepumzika, na nisingelazimika kuweka kufuli kwenye mlango ulionisomesha. Ile ya ukurasa wa nne ilikuwa aibu. Nilijua ni aibu nilipoibana na fomu.

Nimewaambia watu wa Jogoo waondoke. Orodha bado iko mezani, na safari hii mkuu ameweka tarehe. Nitamwomba ampe kazi hiyo mtu mwingine.

Mwanao

*

Chumba namba 12
Jumamosi, 14 Juni

Mwanangu,

Nimesoma. Nimesoma mara tatu, na hapo pa mama wa uji nimelia, na sikumlilia mama wa uji peke yake. Nilicheka kweli siku ile mbele ya wateja. Sikuona uso wako, nilikuwa nimekupa mgongo nakupakulia.

Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wewe umemchelea mama, na mambo ni yaleyale.

Usimwombe mkuu ampe mtu mwingine. Akija mtu mwingine akikuta makosa, watasema umejificha. Asipokuta, watasema umemhonga. Kagua wewe. Njoo na fomu yako, njoo na huyo Bibi Kufuli akusimamie, na kama kufuli inastahili, uifunge kwa mkono wako.

Ila usije kabla yangu. Nabadilisha tiketi, narudi Alhamisi. Sitapiga chokaa, sitafunika mtaro kwa mbao nikupumbaze. Utalikuta jiko kama lilivyo, na mimi nimesimama ndani yake. Kama miaka thelathini na moja ni ya kufungwa, ifungwe nikiiona. Jogoo haingii pale. Hilo halina kikao. Nikifungiwa, nafungiwa na jiko langu, na nitalifungua na jiko langu.

Leo nilikwenda kumuaga mama wa mlango wa bluu. Nilimwambia kwa ishara kwamba mwanangu atanifungia mgahawa. Aliangalia mikono yangu inavyofunga kufuli hewani, akadhani namwambia mwanangu ananifungia mimi chumbani, akashika kisu. Mama wa mapokezi alikuja kuokoa jahazi.

Mama yako

*

OFISI YA AFYA
Jumanne, 24 Juni

Kwa Mmiliki, Mgahawa wa Kona ya Stendi

YAH: KUFUNGIWA KWA MUDA

Ukaguzi uliofanywa leo saa nne asubuhi, mbele yako na mbele ya ofisa wa pili, umekuta yafuatayo: mtaro wa maji machafu hauna kifuniko, sinki ni moja, linatumika kwa vyombo na kunawa, ghala la nafaka halina wavu, dari ya jiko ina masizi yanayodondoka, vyeti vya afya vya wapishi wawili vimeisha muda.

Mgahawa umefungwa kuanzia leo kwa siku kumi na nne, au mpaka kasoro zirekebishwe. Barua hii ibandikwe mlangoni. Ni kosa kuiondoa kabla mgahawa haujaruhusiwa kufunguliwa.

Mkaguzi (sahihi)
Ofisa wa pili (sahihi)

*

Mgahawani
Alhamisi, 17 Julai

Mwanangu,

Tunakaa mji mmoja na nakuandikia barua. Ningekupigia, lakini ungeniambia una kazi.

Siku ile ulipofunga kufuli, funguo zilikuponyoka mara mbili. Bibi Kufuli akainama kukuokotea. Nilitaka nikuokotee mimi, nikajizuia. Nilijua nikikugusa hutafunga.

Basi ujue yaliyofuata, kwa vile hukuja kuyaona. Mama yako mdogo alikwenda kumwita fundi kabla hujafika kona. Mtaro una kifuniko cha zege, mtu wa kilo mia anaruka juu yake. Masinki ni mawili, na aliyenawa kwenye la vyombo nampiga kofi la mkono, wateja wameshazoea. Wavu upo. Dari tulikwangua wenyewe siku mbili, tukatoka weusi hadi masikioni, na mama yako mdogo, yule asiyegombana, amegombana na fundi wa rangi hadi akarudia ukuta mzima. Vyeti tumepimwa wote wawili. Damu yangu iko sawa, tumbo pia.

Siku ya kumi na tatu nilikwenda ofisini kwenu. Wewe ulikuwa kwenye mzunguko wa sokoni, nilihakikisha kwanza. Nikamwambia mkuu wako, wa kunifungulia simtaki mwanangu. Nataka yule mama wa makufuli, na aje peke yake. Alikuja. Aliingiza kidole kwenye kila tundu la wavu. Alimwaga maji mtaroni akasikiliza yanavyokwenda. Alifungua sufuria, akanitazama, nikala kijiko mbele yake. Akasema kwenye fomu yenu hakuna swali hilo. Nikamwambia muulize aliyeitunga. Akasaini. Kesho yake tukafungua.

Leo ni siku ya tisa. Na siku ya tisa hii wewe unapita barabara ya nyuma, kwenye matope, ili usipite mlangoni kwangu. Muuza magazeti ameniambia. Mama yako mdogo anasema mchana unakula mkate mkavu ofisini na mlango umeufunga. Mtu mzima na cheo chake!

Unadhani nina aibu, na unadhani watu wana hasira. Sasa nikuambie nilichofanya. Ile barua yako ya kufungia niliitoa mlangoni siku niliporuhusiwa, nikampelekea fundi wa vioo, akaitia fremu. Nimeitundika ukutani, pembeni ya leseni, pale mtu anapokaa kusubiri chakula. Mwanzo walishtuka. Dereva mmoja akaniuliza, "Mama, mbona unatundika aibu yako?" Nikamwambia, soma sahihi ya mkaguzi chini hapo. Akasoma. Akauliza, huyu si mwanao? Nikamwambia ndiye. Akasoma tena, kasoro kwa kasoro, akatazama mtaro, akatazama masinki, akavuta kiti.

Stendi nzima hakuna mgahawa wenye karatasi kama ile. Jogoo amefungua ng'ambo ya barabara wiki iliyopita, ana taa, ana kibao kikubwa, na mstari wake ni mrefu, siwezi kusema uongo. Wacha wale. Wakitaka kujua kama jiko langu ni safi, nawaambia nilifungiwa na mtoto wa tumbo langu, na hakunipunguzia hata kasoro moja.

Sina hasira na kufuli. Ukurasa wa nne bado una hasira yake, na tutagombana tukiwa tumeshiba. Lakini hili la kupita nyuma sikubali. Asubuhi nimetangaza mbele ya wateja wote, na yule mama wa uji alikuwepo, nilimwalika mwenyewe na kumtuma fundi wangu akamfunikie mtaro wake. Nimesema aliyesaini ile karatasi anakuja leo saa saba, kwa mlango wa mbele, na atakaa chini yake.

Usinifanye mwongo.

Mama yako